Ndoo Kumi za Kitalu

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana mmoja alipitia kitaluni kwa shangazi yake na kupiga domo mpaka afukuzwe. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku. Asubuhi hiyo aliitazama miche ya nyanya iliyolala kwa kiu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo domo umeliacha wapi?"

Chiriku aliinama kuigusa miche. Shangazi akainua ndoo. "Msimamizi wa kisima ananipa ndoo kumi tu kwa siku. Zinaishia mstari wa tatu."

Chiriku alijua kumi hiyo imetoka wapi. Mwezi uliopita, mwalimu aliwatuma wanafunzi kupima maji ya mtaa: majumbani, mkahawani, kwa wafyatua matofali. Wenzao wa nchi nyingine walikuwa wakipima ya kwao, ili waandikiane na kulinganisha maji yanaishia kwenye kazi gani. Chiriku alipewa kitalu, kwa siku tatu. Alikwenda siku moja tu, tena siku ya mvua, akahesabu ndoo kumi. Siku mbili zilizobaki alicheza, kisha akaandika kumi, kumi, kumi. Kisima kilipopungua, msimamizi aliazima jedwali lao ili agawe maji.

Mchana, shuleni, aliwaza. Akisema, darasa zima litamcheka. Akinyamaza, miche itakufa, na shangazi hana kazi nyingine. Akaenda ofisini, akamkuta mwalimu na msimamizi mwenyewe.

"Mwalimu, zile ndoo za kitalu... sikuzihesabu zote. Nilibuni." Machozi yakamtoka.

Msimamizi alivua kofia. "Kumbe nimemnyima mama wa watu maji bure," alisema taratibu. Upole huo ulimuuma Chiriku kuliko kufokewa.

Jioni walikwenda wote kitaluni. Shangazi alimwagilia, Chiriku akahesabu kwa sauti. Miche ilitosheka kwenye ndoo ya thelathini na nane.

"Nitapunguza za matofali," msimamizi alisema. "Tofali linaweza kungoja."

Hata hivyo, mistari miwili ya mwisho haikuinuka tena.

"Barua yetu ya nje haijaondoka," mwalimu alimwambia Chiriku. "Utaisahihisha kwa mkono wako. Namba unayoandika kuna mtu ataitegemea, awe jirani au mgeni wa nchi ya mbali. Ukiibuni, umemkatia maji bila kumwona."

Shangazi alimkabidhi ndoo tupu. "Kesho uje mapema tupande upya. Na domo lako uje nalo, kitalu kimepooza."