Kituo cha Watoto Wasiolia

Mama huyu ninayesimulia habari zake ni mke wa binamu yangu, na ukikutana naye sokoni huwezi kumdhania kwamba amewahi kupatwa na jambo. Anabishana bei kama watu wengine, anatania, anacheka. Kazi yake ilikuwa kukagua vituo vya kulelea watoto wadogo, vile ambamo wazazi huwaacha watoto wao asubuhi na kuwafuata jioni. Wenye vituo walimbatiza jina la Mama Komeo, kwa sababu kabla salamu hazijaisha alikuwa ameshaanza kutikisa milango. Anashika kitasa, anakizungusha, anasukuma, anavuta. Mlango usiofunguka kirahisi kwa mtu aliye ndani, kwake lilikuwa kosa lisilo na msamaha. Mengine tutaelewana, alikuwa akisema. Maji yatachemshwa, sakafu itadekiwa. Lakini moto ukiwaka na mlango ukagoma, hakuna tena wa kuelewana naye.

Mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa na mtoto wa kiume ambaye ukoo mzima ulimwita Babu, maana alirithi jina la marehemu baba yao. Babu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, na kwa kulia hakuwa na mpinzani. Alililia maziwa, alililia viatu, alimlilia paka asiyetaka kushikwa mkia. Mama yake alishona akiwa naye mgongoni hadi wateja wakawa wanamwonea huruma. Ndipo akampeleka kwenye kituo kilichofunguliwa karibuni, katika nyumba kubwa mwisho wa mtaa. Haukupita muda, kilio kikakoma.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, mdogo mtu akawa anawatania wateja wake, wa kwangu siku hizi hata huo wembe haulilii.

Utani ukaisha siku ya chanjo. Nesi alimchoma sindano, Babu akakunja uso, akafungua mdomo wote, machozi yakamtiririka hadi shingoni. Sauti haikutoka. Nesi akammulika kooni kwa tochi, hakuona kasoro. Kooni mwa mtoto palikuwa pazima kabisa. Jioni ile mama yake alimpigia dada yake simu, akamweleza yote, kisha akashusha sauti kana kwamba kuna mtu nyuma yake.

"Dada, nenda kakiangalie kile kituo."

Kesho yake asubuhi Babu alipelekwa kituoni kama kawaida, ili mwenye kituo asishtuke, na Mama Komeo akaenda baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali, kitambulisho kifuani na futi ya kupimia mkobani. Aliyemfungulia ni mwenye kituo mwenyewe, ambaye wazazi walimwita Mama Mlezi. Alikuwa mwanamke mwembamba, aproni nyeupe isiyo na doa, kandambili ambazo hazikutoa mlio sakafuni. Alizungumza kwa kunong'ona. Watoto wamelala, alieleza, na akamkaribisha kwa ishara ya mkono.

Kituo kilikuwa kizuri kupita kiasi. Soketi zote zimefunikwa. Kizima moto kipo ukutani, na tarehe yake haijapita. Vyoo vidogo vinang'aa, sabuni ipo, sanduku la huduma ya kwanza limejaa. Geti lina komeo la juu ambalo mtoto halifikii. Mama Komeo alitikisa milango yote ya mbele na yote ilitii. Alijikuta amekasirika, kama fundi aliyeitwa kutengeneza kitu kisichoharibika. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakuweza kulitaja. Katika miaka yake yote ya ukaguzi hakuwahi kuingia kituo kisicho na doa la uji, kamasi iliyopanguswa ukutani, wala alama ya meno kwenye mwanasesere. Vitu vya kuchezea vilikuwa vipya vyote. Hakuna mtoto aliyewahi kuvigombania.

Akaomba kuona chumba cha kulala.

Kilikuwa nyuma ya nyumba, kipana, pazia la njano, magodoro yamepangwa kwa nafasi inayotakiwa. Mama Komeo akaingia kwa kunyata, Mama Mlezi akabaki kizingitini. Watoto walilala chali wote, mikono juu ya tumbo. Mtu aliyezoea watoto anajua kwamba hawalali hivyo. Mmoja hujikunja, mwingine humpiga teke jirani, mwingine hutokeza matako juu. Hawa walinyooka. Akamwona Babu kwenye godoro la tatu, naye amenyooka. Akawaangalia vifua. Vilipanda pamoja. Vikashuka pamoja.

Ukuta wa mwisho ulikuwa na mlango wa dharura, kama sheria inavyotaka. Alishukuru kupata kitu cha kufanya. Akashika kitasa, akasukuma, mlango ukafunguka bila kelele. Akatoka.

Alitokea chumbani. Pazia la njano. Magodoro. Watoto chali, mikono juu ya tumbo, Babu kwenye godoro la tatu. Alidhani kuna chumba cha pili kilichofanana na cha kwanza, akageuka nyuma ili ahakikishe. Mlango aliotokea ulikuwa umefungwa. Akaufungua. Chumba kilekile, na mbele yake, ukuta wa mwisho, mlango wa dharura.

Akaupita huo pia. Akatokea chumbani.

Mwanamke huyu alikuwa amefundisha watu mamia namna ya kutoka ndani ya jengo. Usikimbie. Fuata ukuta. Tafuta njia ya pili. Akafuata ukuta hadi dirishani, akavuta pazia, akafungua kioo ili aite mtu barabarani. Nje ya dirisha kulikuwa na magodoro. Alirudisha pazia taratibu, kama mtu aliyemchungulia mwenzake akivua nguo.

Akatoa simu. Ikaita, mdogo wake akapokea, na nyuma yake cherehani ilikuwa ikikimbia kama kawaida. Mama Komeo akanong'ona kwamba aje kituoni upesi, amwite na jirani yeyote, wavunje hata mlango wa mbele. Cherehani ikasimama.

"Sikusikii, dada. Huyo mtoto anayelia hapo ni nani?"

Chumbani palikuwa kimya kama kisimani.

"Mbona ni wengi hivyo?" mdogo wake akasema, na simu ikakatika.

Alipoinua macho, watoto walikuwa wamefumbua yao. Hakuna aliyeinuka. Waligeuza shingo tu, wote, wakamtazama. Midomo yao ilikuwa wazi. Machozi yaliwatoka kwenye pembe za macho yakaingia masikioni, na sauti haikuwapo.

Alimkimbilia Babu, akapitisha mikono kwapani mwake, akainua. Mtoto hakuinuka. Alikuwa mzito kama mfuko wa saruji ulionyeshewa. Akavuta tena hadi mgongo ukalia. Kidole kimoja tu cha Babu kilisogea, kikamshika cha kwake, kikang'ang'ania.

"Usiwaamshe," Mama Mlezi alisema. Alikuwa amesimama katikati ya magodoro, mahali ambapo hapakuwa na mlango wa kumwingiza.

Mama Komeo akamuuliza mlango uko wapi. Aliuliza kwa adabu, nasi wa ukoo tumemcheka mara nyingi kwa hilo, lakini yeye husema hofu ikizidi mtu hurudia malezi yake.

Mama Mlezi alikwenda kwenye kabati la ukutani, akalifungua. Ndani kulikuwa na vikombe vya plastiki vyenye vifuniko, vile vya watoto kunywea, kila kimoja na picha yake ubavuni kwa ajili ya wasiojua kusoma: samaki, nyota, gari, jogoo. Vilikuwa vinatetemeka. Kidogo sana, kama mayai yaliyokaribia kuanguliwa. Mama Komeo alikigusa cha karibu. Kilikuwa na joto.

Kwa upole uleule, Mama Mlezi akamweleza. Hakuijenga nyumba hii, aliipanga tu. Anayeingia chumba hiki hatoki na kilio chake. Watoto hawapati shida, wanalala nacho, wanaamka bila, mlango unawafungukia, na wazazi wao wanamshukuru kwa kuwa siku hizi wanapata usingizi. Watu wazima ndio hukawia. Wanasukuma milango. Kuna mmoja aliwahi kusukuma hadi akazeeka.

"Na wewe?" Mama Komeo akauliza.

"Changu nilikitoa siku ya kwanza. Baadaye nikazika mume, nikazika na mtoto." Akanyoosha aproni yake. "Niliwazika vizuri tu."

Chumba kilikuwa kimepungua. Mama Komeo alihisi kabla ya kuona. Magodoro yaliyokuwa na nafasi kati yao sasa yaligusana, na pazia la njano lilimgusa bega ingawa hakusogea. Hewa ikawa nzito. Dari ikawa karibu. Vifua vya watoto vikapanda, vikashuka, naye akagundua kwamba cha kwake kinapanda navyo. Akajaribu kukizuia. Hakikuzuilika.

"Cha Babu ni kipi?" akanong'ona.

"Cha jogoo. Lakini kabati haliachiwi pengo."

"Litajazwa."

Mama Mlezi akamtazama kwa muda mrefu. Huenda alimwonea huruma, huenda alimwonea wivu. Akachukua kikombe kisicho na picha, akamwekea midomoni.

Kulia si jambo la kuamuru. Alikohoa, akakodoa macho, akakumbuka misiba yote ya ukoo, wapi. Ukuta ukamgusa mgongo. Kisha kile kidole cha Babu kikabana zaidi, kwa nguvu zote za mtoto asiye na namna nyingine ya kuita, na kitu kikamkatika kifuani. Kikatoka chenyewe. Kilitoka kirefu, kama uzi unaovutwa kwenye kibiringo, na kila kilivyotoka ndivyo alivyojisikia mwepesi, mweupe, mtupu. Alijisikia akilia, kisha akasikia mtu akilia. Kifuniko kikabanwa. Kimya.

Akapapasa kabatini, chumba kikiwa kimembana hadi kiwiko hakikunjuki, akakamata kikombe cha jogoo. Akamwinua Babu. Mara hii alikuwa na uzito wa mtoto. Akasukuma kitasa kwa nyonga. Jua likampiga usoni. Uwanja, ndoo, shuka za watoto zimeanikwa kwenye kamba. Hakugeuka nyuma.

Mdogo wake alikutana naye njiani, ametoka mbio na sindano ingali kwenye kola ya gauni. Walikifungulia kikombe nyumbani, mbele ya midomo ya Babu, mlango wamefunga. Ndani hamkuwa na kitu cha kuonekana. Lakini mtoto alishtuka, akavuta pumzi, akaangua kilio ambacho kiliwatoa majirani nje. Mama yake akapiga magoti, akalia naye. Mama Komeo alisimama pale akiwaangalia. Alijua kwamba amefurahi. Alijua kwa akili, kama mtu anavyojua njia ya mahali ambako hajawahi kufika.

Wenzake wa ofisini walikwenda siku iliyofuata. Walikuta chumba cha kawaida, mlango wa dharura unatokea uwanjani, vikombe vimeoshwa na kuinamishwa vikauke. Mama Mlezi alikuwa ameondoka, na mwenye nyumba hakukumbuka kuwahi kumpangisha. Kituo kilifungwa. Watoto waligawanywa vituo vingine, na wanaendelea vizuri, wanacheza, wanakula. Hawajalia hadi leo. Wazazi wao hawakuuliza, na Mama Komeo aliyejaribu kuwaambia wawili watatu aliombwa kwa heshima asirudi tena.

Yeye mwenyewe aliacha kazi. Si kwa woga, anasema, ila hakuweza tena kushika kitasa bila kuchungulia kwanza kupitia tundu la ufunguo.

Sasa nikueleze lililotokea juzi, maana hili nililiona mwenyewe. Tulikuwa tunakwenda kwa mdogo wake, mimi na Mama Komeo, kumpelekea vitambaa. Saa za mchana, mtaa umetulia. Tulipofika kwenye kona tukasikia mwanamke akilia. Si kulia kwa kawaida, ni kule kwa mtu aliyeletewa habari ya kifo. Majirani walikuwa wameshatoka, mmoja anajifunga kanga huku anakimbia, anauliza nani amefiwa. Nilimgeukia Mama Komeo nimwambie tukaze mwendo. Alikuwa amesimama. Ameshika koo lake kwa mikono miwili.

Tukaingia wote kwa pamoja. Mdogo wake alikuwa amejibanza kwenye cherehani, uso umempauka, wala hakuwa analia. Babu alikuwa ameketi sakafuni, goti limechubuka kidogo, mdomo wazi. Sauti ile ilikuwa inatoka kwake.

"Dada," mdogo wake akasema polepole, "hii ni sauti yako, ile uliyoiacha kule kikombeni."

Babu akatuona. Akanyamaza, akafunga mdomo, akatutazama mmoja mmoja huku akivuta kamasi. Na kilio kikaendelea kidogo.