Kilo Sabini na Sita

Juni ya 1996 mpunga ulikuwa mwingi, na watu wa Ifakara walipita sokoni wakikohoa vumbi la pumba. Kwenye mashine moja ya kukoboa foleni ya magunia ilifika barabarani, na katikati ya magunia alisimama mwanamke asiye na gunia. Gauni lake la kitenge cha kijani lilikuwa limepanuliwa ubavuni mara mbili. Matundu ya mishono ya zamani yalionekana.

"Dada, mzigo uko wapi?" akauliza Lukelo, mpimaji.

"Umesimama mbele yako. Mzani wako unapima na watu?"

"Unapima chochote kinachotulia."

"Basi nitatulia."

Wapakiaji wakacheka. Mzani ukasoma sabini na tisa.

"Ungekuwa mpunga, ningekuweka daraja la kwanza," Lukelo akasema.

"Wewe ungekuwa mpunga, ungerudishwa ukaanikwe. Bado mbichi."

Jina lake Brigitha, mwalimu wa darasa la tatu. Alirudi kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, akitoka kuchomwa sindano, maana mzani wa zahanati ulikuwa umeharibika. Mara ya pili alipokuja alimweleza Lukelo sababu ya sindano, bila kushusha sauti. Miaka mitatu iliyopita alisikia watu wakimsema ndani ya ukuta. Sindano ya kila mwezi iliwanyamazisha, lakini ikaleta njaa isiyoshiba. Kutoka kilo hamsini na nane akapanda. Mwaka jana aliiacha sindano kwa ajili ya unene. Wiki ya saba alikutwa ndani ya mto Lumemo, maji yamemfika kifuani, akijibizana na mtu asiyeonekana.

"Nesi Bernadeta anasema sindano haiachwi, unene tupambane nao kwa sahani na miguu," alisema. "Wali nakula kikombe kimoja. Shuleni naenda kwa miguu. Lakini kilo zikipita themanini, sijui kama nitavumilia."

"Utavumilia. Mimi nipo."

"Basi nisaidie kwa ukweli. Mimi nimeshasikia visivyokuwepo. Nikiwa na mtu wa kuniambia kipi kipo na kipi hakipo, yaliyobaki nayaweza."

Wakapendana. Jumapili walitembea hadi kivukoni na kurudi, Brigitha akihema, Lukelo akimtania kwamba kobe wawili wamewapita. Agosti mzani ulisoma themanini kasoro robo, na siku hiyo Brigitha hakumtania mtu.

Septemba, kabla hajafika, Lukelo alizungusha skrubu ya kusawazisha iliyo mwishoni mwa mkono wa mzani. Brigitha akasoma mwenyewe: sabini na sita. Akamshika mkono mbele ya wapakiaji wote. Alipoondoka, Lukelo akairudisha skrubu mahali pake. Oktoba akafanya vilevile, ukasoma sabini na sita tena, kisha akatumwa Mlimba kununua mpunga.

Wiki iliyofuata alipiga simu kutoka posta ya Mlimba hadi dukani, jirani na kwa Brigitha.

"Brigi, umekula nini leo?"

"Mchicha. Na hasira kidogo."

"Hasira inanenepesha, mpenzi."

Hakucheka. "Zahanati wameleta mzani mpya. Nesi kaniita nikapime. Unasoma themanini na tatu. Lukelo, wenu ni mzima?"

Nyuma ya Lukelo watu sita walikuwa wakisubiri simu. Aliona jambo kama hilo ni la kuelezwa ana kwa ana.

"Mzima kabisa," akasema.

Brigitha akapiga hesabu. Kilo saba haziongezeki kwa wiki moja. Kama mizani yote miwili ilikuwa mizima, basi ile sabini na sita aliyoiona kwa macho yake haikuwepo. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa daktari, akamwambia ameanza tena kuona visivyokuwepo. Daktari akaongeza dozi.

Baada ya wiki tatu Lukelo alimkuta ameketi mlangoni, ulimi mzito, mikono ikitetemeka hata chai ikammwagikia mapajani. Akasikia kilichotokea. Ndipo akamweleza habari ya skrubu.

Brigitha akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo sijaugua?"

"Hujaugua."

Akalia, akamshukuru Mungu. Lukelo akadhani mambo yamekwisha.

Dozi ikapunguzwa. Mwishoni mwa Januari mikono ilikuwa imetulia, na Lukelo akaja na shati jeupe lililonyooshwa, kuomba ruhusa apeleke barua ya posa kwao, kijiji cha Mbingu.

"Niliogopa ungeiacha sindano," akasema.

"Najua. Nilifika themanini na tatu na sikuiacha. Uliogopa bure."

"Basi nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Sasa niambie, nimenenepa?"

Lukelo akamtazama. "Umenenepa sana, Brigi. Uso umejaa. Ukitembea kidogo unahema."

"Na bado nakupendeza?"

"Ndiyo. Kuliko siku ya kwanza."

Brigitha akatikisa kichwa polepole. "La kwanza ninaliamini, kwa sababu linauma. Hilo la pili sina njia ya kulijua. Siku nikiugua kweli, nikakuuliza kama kuna mtu ukutani, utanijibu kama ulivyonijibu kwenye simu, kwa kunionea huruma. Usipeleke barua."

"Brigi."

"Ninakupenda, Lukelo. Hilo nina hakika nalo, maana ni langu."

Akavaa viatu, akachukua mwavuli. Alhamisi ya sindano ilikuwa imefika, na zahanati ingefungwa saa nane.