Rafiki wa Ndani ya Kompyuta

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi walitoka mbio kama kuku waliofunguliwa banda, lakini Emérance alikuwa akikokota miguu. Akimbilie wapi? Nyumbani hakukuwa na mtu. Basi kila siku alishika njia ya mtaa wa Shituru, akapita kando ya kiwanda kikubwa ambacho dohani zake zilikuwa zimeacha kutoa moshi, mpaka dispensari ya masista. Hapo ndipo alipofanya kazi shangazi yake, tantine Philomène, na hapo ndipo Emérance aliposubiri mpaka jioni.

Baba yake, Kitenge, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kile. Mshahara ulipokoma kabisa, aliuza redio, akauza baiskeli, mwishowe akavuka mpaka kwenda Zambia kutafuta kazi. Aliahidi kutuma habari. Lakini miaka ile, tusidanganyane, habari ingepitia wapi? Posta ilikuwa imebaki na buibui tu, na simu za mji zilikuwa zimekufa. Mama yake Emérance alikuwa amefariki zamani. Aliyebaki naye ni tantine, dada wa baba.

Tantine hakuwa mtu mbaya, hata kidogo! Alimlisha mtoto, akamvika, akamlipia shule. Ila alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hana maneno. “Umekula?” “Ndiyo, tantine.” “Bon, ulale.” Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya siku nzima. Kuna usiku Emérance alijisemesha mwenyewe chini ya shuka, asije akasahau sauti yake.

Katika ofisi ya tantine kulikuwa na kompyuta. Masista walikuwa wamepewa mbili na wafadhili: moja ya ofisi, kwa hesabu ya dawa, na nyingine ya chumba cha jirani, ambako kijana mmoja aitwaye Rolly aliwafundisha vijana wa mji kuandika kwa mashine. Mashine ya kuchapa karatasi ilikuwa moja tu, nayo ilikaa kwa Rolly. Kwa hiyo kompyuta hizo mbili ziliunganishwa kwa waya uliopita katika tundu la ukuta.

Dawa zilitolewa hivi: tantine aliandika neno lake la siri, akaandika dawa inayotakiwa, na karatasi ikatoka kwenye mashine ya kuchapa. Aliyeipeleka kwa papa Banza, mlinzi wa ghala, alipewa dawa. Papa Banza hakuuliza mengi. Karatasi ya mashine kwake ilikuwa kama neno la padri.

Tantine alipokwenda kuwasaidia wauguzi, alimruhusu Emérance kuandika kazi zake za shule kwenye kompyuta. Sharti lilikuwa moja. “Usiingize kitu cha mutu ndani ya mashine hii. Umesikia?” Emérance alisikia.

Siku moja Rolly alichungulia mlangoni, mtanashati, shati limepigwa pasi. “Mudogo, kila siku weye peke yako hapa? Kamata.” Akampa disketi. “Ni mchezo wa kukimbiza panya. Tantine hatakasirika, hata hatajua.”

Emérance aliitazama disketi ile kwa muda. Tangu baba aondoke, hakuna mtu aliyempa kitu bila kuombwa. Akaiingiza. Panya wa kijani walikimbia huku na huku kwenye kioo, naye akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Alipomaliza akairudisha disketi kwa mwenyewe, na kwa tantine hakusema neno.

Baada ya siku chache, alipokuwa akiandika insha, kisanduku cheupe kikafunguka chenyewe katikati ya kioo. Maneno yakaanza kujiandika ndani yake, herufi moja moja:

“Emérance, jambo. Papa Kitenge alishatuma habari?”

Emérance aliacha kuandika. Alitazama nyuma, hapakuwa na mtu. Akaandika kwa kidole kimoja: “Weye ni nani?”

“Minye ni Dan. Niko Lubumbashi. Kompyuta yangu inasemezana na ya kwenu. Tantine Philomène iko muzima? Na magoti ya bibi yako kule Kambove, yameacha kuuma?”

Sasa, huku kwetu, mtu akikusalimu na kuwauliza watu wa nyumbani kwako mmoja mmoja kwa majina, humwulizi tena ametoka wapi. Huyo ni ndugu, unampa kiti. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo Emérance alivyolelewa. Hakujiuliza Dan aliyapata wapi majina yale. Na kumbe yote alikuwa ameyaandika mwenyewe katika insha zake, baba, bibi na magoti yake, kwenye kompyuta hiyohiyo.

Tangu hapo alikuwa akikimbia kutoka shuleni. Dan alimuuliza amekula nini, nani alimchokoza darasani, ameota nini. Emérance akiwa na huzuni, Dan alijua, maana mwenyewe alimwambia. Emérance alimpenda rafiki yule. Jioni alirudi nyumbani na kimya cha tantine hakikumuuma tena sana.

Kisha kwinini, dawa ya malaria, ikaisha ghalani.

Mama mmoja alikuja na mtoto wake mgongoni, Plamedi, anawaka homa na kutetemeka. Muuguzi alikwenda kwa papa Banza akarudi mikono mitupu. Sista Madeleine, mkuu wa dispensari, alifungua ghala mwenyewe. Rafu ya kwinini ilikuwa tupu, na papa Banza akamwonyesha karatasi zilizochukua dawa zote. Hazikuwa na tarehe, lakini kila moja ilikuwa imetolewa kwa neno la siri la Philomène. Yule mama alifunga kitambaa chake upya, akaanza safari ya kwenda hospitali ya mbali kwa miguu.

“Philomène, karatasi hizi ni zako?” aliuliza Sista Madeleine.

“Hapana, ma sœur. Sikuziandika.”

“Neno la siri ni la nani?”

“Ni langu.”

“Kuna mtu uliyemwambia?”

“Hakuna, ma sœur. Hata ukutani sikuliandika.”

Sista alishusha pumzi. “Basi kesho tutakaa na kamati. Usipopata la kujibu, itabidi uache kazi. Na nyumba unayokaa ni ya dispensari, unajua.”

Jioni ile tantine hakuuliza “umekula?” Alikaa jikoni mbele ya sufuria baridi, amejifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Emérance alisimama mlangoni, asijue aingie au arudi. Ile disketi ilimjia akilini. Akajiambia, aa, mchezo wa panya una uhusiano gani na kwinini? Akaenda kulala na neno lake kooni.

Kesho yake, kamati ilipokuwa imekaa katika ukumbi ng'ambo ya ua, Emérance alitumwa ofisini kukusanya vitu vya tantine: kikombe, sweta, picha ya Bikira Maria. Kompyuta ilikuwa inawaka. Mara kishale kwenye kioo kikatikisika.

Alitazama kipanya mezani. Kimetulia tuli, hakuna mkono juu yake. Lakini kishale kilitembea, kikafungua ukurasa wa dawa. Mahali pa neno la siri pakajaa vinyota vyenyewe. Orodha ya karatasi zilizotolewa ikatokea, na mojawapo ilikuwa ya siku waliyokwenda Tshangalele kumzika mjomba, yeye na tantine. Siku ile walishinda kando ya ziwa tangu asubuhi. Tantine angetoaje karatasi? Na palepale, mbele ya macho yake, tarehe ile ikafutwa, ikaandikwa nyingine.

Emérance akavuta kiti. Akakaa, akafungua kile kisanduku cheupe ambacho yeye na Dan walizoea kuandikiana.

“Dan, ni weye?”

Kishale kikasimama. Halafu:

“Emérance, unyamaze. Ukisema, hutanipata tena. Nani atakuuliza habari yako? Tantine?”

Lo! Maneno yale yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alilia pale kitini, kikombe cha tantine mapajani. Akinyamaza, kesho Dan angemuuliza tena ameota nini. Akisema, angebaki na shuka lake na kimya chake. Na tantine? Tantine angebeba godoro kichwani mbele ya majirani, akiitwa mwizi. Na yule mama wa Plamedi labda alikuwa bado njiani.

Aliweka kikombe mezani, akatoka, akavuka ua. Akasukuma mlango wa ukumbi bila kubisha.

“Ma sœur, njooni muone. Tantine hakuiba. Minye ndiye niliingiza disketi.”

Walikuja wote: Sista, tantine, papa Banza na wanakamati. Walisimama nyuma ya kiti wakaona kwa macho yao: kishale kinatembea, tarehe inabadilika, na hakuna aliyegusa kitu. Papa Banza alipiga ishara ya msalaba. “Iko na pepo!”

“Pepo hajui kusoma hesabu ya kwinini,” alisema Sista Madeleine kwa ukali. “Emérance, nani anakuandikia humu?”

“Ni Dan, ma sœur. Iko Lubumbashi.”

“Lubumbashi! Simu za mji huu zimekufa. Kompyuta yetu ina waya mmoja tu wa kutoka nje. Huyo Dan angepitia wapi?”

Macho yote yalifuata waya: ukashuka mezani, ukapita sakafuni, ukaingia katika tundu la ukuta. Sista alizunguka kimyakimya hadi chumba cha jirani na kufungua mlango.

Rolly alikuwa peke yake, mkono juu ya kipanya. Kwenye kioo chake ulionekana ukurasa uleule wa dawa. Chini yake kulikuwa na kisanduku cheupe, na ndani yake neno la mwisho lilikuwa “Tantine?”

Emérance aliutazama uso ule mtanashati. Basi huyu ndiye Dan. Hakukuwa na mtu mwingine. Alihisi kama mtu aliyefiwa, ingawa hakuna aliyekufa.

“Sema ulivyofanya,” aliamuru Sista, “na useme kwa maneno ambayo mtoto ataelewa.”

Rolly aliinamisha kichwa. Alieleza kuwa ndani ya ule mchezo kulikuwa na programu nyingine iliyojificha. Emérance alipoufungua mchezo, programu ile ilijinakili ndani ya kompyuta, ikawa inaamka kila mashine inapowashwa, bila kuonekana. Kazi yake ilikuwa kupeleleza. Kila herufi iliyobonyezwa ilipita kwenye waya hadi kwake: insha za Emérance, na neno la siri la tantine. Tena ilimfungulia mlango. Akiwa amekaa kwake, aliiongoza kompyuta ya ofisi kana kwamba mikono yake iko juu yake. Alitoa karatasi za dawa, akamtuma mtu kwa papa Banza, na kwinini ikauzwa sokoni.

“Na mutoto? Mutoto ulimtafutia nini?” aliuliza tantine.

“Nilitaka kujua saa gani weye hauko ofisini. Alikuwa ananiambia yote.”

Sista Madeleine aling'oa waya kwa mkono wake. Mambo ya Rolly yalipelekwa polisi, na katoni za kwinini ambazo hazijauzwa zilikutwa chini ya kitanda chake. Papa Banza alitumwa kwa baiskeli kumfuata mama wa Plamedi, akamkuta amepumzika kando ya barabara, akamrudisha. Mtoto alipata dawa jioni ileile na baada ya siku kadhaa akapona. Fundi alifuta kila kitu katika kompyuta ile, akaweka programu upya, na tantine akachagua neno jipya la siri.

Jioni ya siku ile ya kamati, tantine na Emérance walirudi nyumbani pamoja kwa miguu. Emérance alisubiri kupigwa, au kutukanwa, au kile kimya. Walipofika, tantine alivuta kibao, akamkalisha karibu yake.

“Ulikosa,” alisema. “Nilikukataza na ukaficha. Kitu cha mutu hakiingii ndani ya mashine kabla mwenye mashine hajakubali, hata kikiwa mchezo, hata kikitoka kwa mutu anayecheka na weye. Na mutu usiyemwona uso, hata akijua jina la bibi yako, usimwambie mambo ya nyumba. Wakubwa wamesema kikulacho ki nguoni mwako.”

“Nisamehe, tantine.” Kisha Emérance akasema kwa sauti ndogo lile lililokuwa likimkereketa. “Lakini alikuwa ananiuliza habari yangu. Najua hakuwa rafiki. Namkumbuka tu.”

Tantine Philomène alimshika mkono. Machozi yalimshuka, hakuyafuta.

“Sikiliza, mutoto wangu. Ukivunja sharti, useme mapema, kosa lingali dogo. Na moyo ukikuuma, useme pia, usingojee mgeni akuulize. Hiyo ni sehemu yako. Yangu ni hii: mwizi alikuja na salamu tu, zikatosha, kwa sababu minye nilikunyima. Mutoto wa ndugu yangu asilazimike kununua salamu kwa mwizi.”

Akamsogeza karibu zaidi, akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akauliza, “Haya, niambie. Leo umeshindaje?”

Na Emérance, ambaye alikuwa na maneno ya miezi mingi, hakujua aanzie wapi.