Kopo la Kumbukumbu Lililokuwa Jikoni Kwetu

Nilimfuma mke wangu akitia unga kwenye chai yangu!

Anafungua kidonge… anamimina… anakoroga.

“Mama watoto, unaniua?”

“Nikuue, halafu mtungi wa gesi anibebee nani?”

“Sasa hiyo nini?”

“Dawa ya kumbukumbu. Umezidi kusahau, mzee.”

Ni kweli, wasomaji wangu.

Mimi ni fundi cherehani mstaafu. Nimewahi kumshonea suti bwana mwenye mabega matatu, ikamkaa! Msinibishie. Lakini siku hizi akili ilikuwa inaniaga. Mkasi wangu niliukuta kwenye friji. Futi ya kupimia, ndani ya birika. Nilijifungia bafuni, nikafungulia bomba, nikalia.

Nikanywa ile chai.

Sijakaa vizuri, akaleta kikombe kingine.

“Kunywa dawa, mzee.”

“Si nimekunywa sasa hivi?”

“Unaona? Umesahau tena!”

Mungu wangu… nikamwamini! Nikanywa cha pili. Akaleta cha tatu, nacho nikanywa huku machozi yananitoka.

Moyo ukaanza kwenda mbio kama cherehani ya umeme. Nikampigia binti yetu. Akaja anahema, akalishika kopo la ile dawa.

“Baba, nani kakupa hii?”

“Mama yako. Kwa ajili ya kichwa changu.”

Akaketi chini, palepale sakafuni.

“Baba… hili nilimpa mama. Nilimnunulia yeye.”

“Yeye? Mbona ninayesahau ni mimi?”

Binti alikuwa anatazama jikoni. Nikageuka.

Mke wangu alikuwa amefungua friji. Anaingiza viatu vyangu, taratibu, kama mtu anayepanga mayai.

Jamani… kumbe sikuwahi kusahau kitu!

Ningetoa chochote ili anayesahau niwe mimi.

Hospitali walinituliza moyo. Tulipomweleza, daktari akageuza lile kopo, akauliza, “Mama amepimwa?”

Tukatazamana na binti yangu. Mimi, ambaye sijawahi kutia mkasi kitambaa kisichopimwa!

“Vidonge vya kopo si tiba,” akasema daktari. “Usahaulifu una sababu nyingi, na nyingine zinatibika. Tumpime kwanza.”

Ndugu zangu, mzee wenu akianza kusahau, msikimbilie kopo. Mpelekeni akapimwe.

Sasa tuko kwenye benchi, tunasubiri aitwe. Yeye anadhani aliyeletwa ni mimi.

Amenishika mkono, ananinong’oneza:

“Usiogope, mzee. Hata ukisahau kila kitu… mimi nipo, nitakukumbusha.”