Maji Ndani ya Shaba

Gitonga alikuta maji ndani ya chombo chake kipya Jumatano asubuhi, akijiandaa kwenda kazini. Hayakuwa mengi, yalitosha kikombe kimoja cha chai. Aliinama akayanusa. Yalikuwa na harufu ya chumvi na chuma, kama sarafu iliyokaa kwenye kiganja chenye jasho.

“Nani ametia maji humu?”

Mkewe Kerubo alikuwa jikoni akimfungia binti yao Stacy chakula cha shule. Hakugeuka. “Hakuna mtu anagusa vitu vyako, Baba Stacy. Si ulitukataza?”

Kweli aliwakataza. Kwa miaka kumi na mmoja Gitonga alikuwa akikusanya vitu vya kale vya shaba nyeusi kutoka Japani: korongo wa mguu mmoja, vyetezo, kobe mdogo wa kukaa kiganjani. Kabati la vioo lilichukua ukuta mzima wa sebule yao ughaibuni, katika mji wa Savage. Alijua mambo ambayo hakuna Mkenya mwenzake kanisani aliyetaka kuyasikia. Alijua kwamba uzuri wa shaba ya kale uko kwenye ngozi yake, ile rangi ya kahawia iliyoiva taratibu kwa miaka mia na zaidi, na kwamba ukiisugua au ukiiachia maji, umeiharibu.

Chombo hiki alikinunua Jumamosi iliyopita katika mji wa karibu wa Hopkins, familia moja ilipokuwa ikiuza vitu vya baba yao aliyefariki. Urefu wake ulikuwa kama wa mkono kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole, na tumboni walichongwa samaki wawili wakipanda mawimbi huku midomo wazi. Shingo ilikuwa imezibwa kwa nta ngumu. Gitonga alikaa Jumapili nzima akiichokoa nta ile kwa kijiti cha meno, akipiga mluzi kwa furaha.

Aliyamwaga yale maji, akakausha chombo kwa pamba, akaenda kazini.

Alhamisi akakuta vikombe viwili. Ijumaa chombo kilikuwa kimejaa nusu, na karibu na jicho la samaki mmoja palikuwa na doa la kutu ya kijani. Gitonga aliyamwaga akitamani kulia.

“Stacy!” aliita. “Hiki si kitu cha kuchezea.”

“I didn’t touch it, Dad,” mtoto alikana. Alikuwa na miaka tisa na alikuwa ameshika bilauri ya maji kwa mikono miwili. Aliinywa yote bila kupumua, akarudi kwenye bomba kuongeza.

Gitonga alimtazama tu. Alikuwa na hasira ya kutosha kutoona kitu kingine.

Na vingine vya kuona vilikuwapo. Maua ya Kerubo dirishani yalikuwa yamekauka yakawa kama karatasi. Midomo ya Kerubo ilipasuka hata ikatoa damu alipocheka. Alimweleza mumewe, naye akajibu kama watu wote wa huku wanavyojibu mwezi wa Januari: “Ni winter tu. Hewa ni kavu.” Alinunua mashine ya kutia unyevu hewani, akaijaza lita nne. Baada ya saa moja ilikuwa tupu, na vioo vya dirisha havikuwa na hata chembe ya ukungu. Akairudisha dukani, akapewa nyingine. Ikawa vilevile. Ijumaa jioni walimpeleka Stacy kwa daktari kwa sababu alilia na machozi hayakutoka. Daktari alikuwa mpole. Alisema ni winter, wapake mafuta, mtoto anywe maji mengi.

“Anakunywa!” Kerubo alisema ndani ya gari, akipiga dashibodi kwa kiganja. “Anakunywa kama ng’ombe! Kwani ni nani atatusikia?”

Jumamosi mchana Kerubo alikwenda dukani. Jua lilikuwa linang’aa juu ya theluji na nyumba nzima ilikuwa nyeupe kwa mwanga. Stacy alikuwa amelala kwenye kochi, karibu na kabati. Gitonga alikaa mezani akisoma jinsi ya kuzuia kutu ya kijani, ndipo akasikia mtu akimeza.

Ulikuwa mmezo mmoja, mzito, kama wa mtu aliyefunga siku nzima. Aligeuka. Stacy alikuwa amefumba mdomo. Ukasikika tena, na safari hii Gitonga alijua unatoka nyuma ya kioo.

Alifungua kabati. Chombo alichokikausha asubuhi kilikuwa kimejaa maji hadi shingoni.

Gitonga alikuwa muuguzi katika kliniki ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Kazi yake ilikuwa kuwapima watu uzito kabla ya mashine na baada ya mashine, ili ajue ni maji kiasi gani yametoka mwilini. Mikono yake ilifanya kazi hiyo kabla akili haijaiamuru. Alimwamsha Stacy, akamsimamisha kwenye mizani ya bafuni. Asubuhi Kerubo alipompima alikuwa kilo ishirini na nane. Sasa alikuwa ishirini na sita na nusu. Akakipima chombo kikiwa kimejaa, akamwaga maji kwenye sinki, akakipima tena kikiwa kitupu, na alipopiga hesabu alikaa chini kwenye vigae vya bafu, kwa maana tofauti ilikuwa kilo moja na nusu kamili, na ile harufu ya chumvi na chuma iliyokuwa ikipanda kutoka kwenye sinki alikuwa ameinusa kila siku ya kazi kwa miaka mingi na hakuitambua, harufu ya maji yaliyotoka ndani ya mtu.

Alikibeba chombo mbio hadi nje, akakitupa kwenye theluji mwisho wa ua, akarudi. Stacy alikuwa amelala sakafuni, macho yakiwa wazi na yamekauka, na hakuitika jina lake. Gitonga alipiga simu ya dharura, kisha, bila kujua kwa nini, akatoka tena kukitazama chombo. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Akakirudisha ndani. Mara tu alipokivusha kizingiti, mtoto akakohoa na kuomba maji, kana kwamba kikiwa nje chombo kilimvuta kwa nguvu zaidi.

Watu wa ambulensi walimtia dripu, wakashangaa jinsi alivyochangamka haraka, wakasema shinikizo la damu liko sawa, wazazi wamwangalie nyumbani. Mmoja akataja winter. Gitonga alikaribia kumfukuza.

Kerubo aliporudi na kusikia yote, hakumlaumu. Alichukua simu akamwita Bernardine, mama Mkongomani aliyefua mashuka katika nyumba ya wazee alikofanya kazi Kerubo. Kule kazini watu walimwita kwa siri walipoona mambo ambayo hayaandikwi kwenye faili.

Bernardine alifika kabla ya saa kumi, amevaa koti zito juu ya kitenge. Hakumsalimia mtu. Alisimama mbele ya kabati, akalamba midomo.

“Nani alifungua hii?”

“Mimi,” Gitonga alisema. “Kulikuwa na nta.”

“Eh, papa. Mutu alifunga, weye ukafungua.” Sauti yake ilikuwa chini sana. “Hii jini iko na kiu. Kiu yake haina mwisho.”

“Nizibe tena?”

“Nta ilifunga yenye ilikuwa inalala. Hii imeisha kuamka.” Akamtazama machoni. “Itoboe. Chini kabisa. Chombo chenye hakishike maji, haiwezi kukaa ndani.”

“Kutoboa?” Hata wakati ule, hata mwanawe akiwa na plasta ya sindano mkononi, Gitonga alihisi moyo wake ukivuta kuelekea kwa wale samaki. Aliona aibu. “Nitatoboa,” alisema.

Walitoka wote uani isipokuwa Stacy, aliyebaki kochini na uji wake. Gitonga alikilaza chombo kizingitini, kisiende mbali na mtoto, na kuweka drili kwenye kitako kilichoelekea nje. Bernardine alianza kuomba kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, taratibu, na drili ikaanza kula shaba, na shaba ikalia mlio ambao si wa chuma, mlio wa koo linalotaka kusema na halina mate, na Gitonga akaendelea kusukuma huku machozi yakimtiririka na kukauka hapohapo mashavuni, ulimi ukimgandia kaakaani, ngozi ya vidole ikimpasuka mmoja baada ya mwingine, mpaka ncha ikapenya ghafla na maji yakaruka.

Yalitoka kwa nusu saa. Chombo kile hakingebeba hata sehemu ya kumi yake. Kisha yakakatika, na shaba ikawa shaba tu.

“Mommy?” Stacy aliita kutoka ndani. “I need to pee.”

Kerubo alicheka kwa sauti kusikia mtoto ana mkojo tena, akafunika uso.

Lakini Gitonga alikuwa anayatazama yale maji. Ilikuwa baridi ya kugandisha kope, nayo hayakuganda. Yalikuwa yamejikusanya kwenye theluji, yakanyooka kama mkanda, yakaanza kwenda. Yalipanda kijilima cha ua. Yakapita chini ya uzio.

Ng’ambo ya uzio alikaa Natasha, msichana wa Kizungu aliyehamia wakati wa vuli na kujifungua kabla ya Krismasi. Walikuwa wamepungiana mikono tu.

“Twende ndani,” Kerubo alinong’ona, akimvuta mkono. “Mtoto amepona. Utamwambia nini mtu kama yule? Atatuitia polisi.”

“Nitamwambia nini,” Gitonga alirudia. Alipiga teke theluji. Wiki nzima Kerubo alikuwa akiwaambia watu na hawakusikia, hata yeye mumewe, na sasa zamu ya kutosikilizwa ilikuwa inamngoja yeye, kwenye mlango wa mgeni, bila ushahidi wowote isipokuwa kipande cha shaba chenye tundu. Akamgeukia Bernardine. “Mama, tafadhali, usiondoke.”

Bernardine alikuwa tayari anafunga vifungo vya koti.

Walizunguka uzio pamoja. Gitonga alibisha. Natasha alifungua akiwa na mtoto begani. Midomo yake ilikuwa myeupe.

“Samahani kwa kelele,” alisema kwa Kiingereza. “Amemaliza chupa nzima kwa dakika mbili, na bado analia. Sijui, labda ni hewa ya winter.”

Gitonga alivua kofia.

“Naitwa Gitonga, jirani yako,” alisema. “Sio winter. Ni kitu nilichokileta mimi.”