Udongo wa Deeqa

Katika jengo moja la ghorofa nne mjini Drammen, nchini Norwe, kulikuwa na kibao kidogo cha mbao chenye kamba. Kiliandikwa: "Wiki hii kuosha ngazi ni zamu yako." Aliyemaliza zamu alikitundika kwenye mlango wa jirani anayefuata. Hakugonga wala hakuita. Alitundika, akaenda zake. Watu wa pale waliweza kuishi miaka ishirini wakizungumza kwa kibao tu, na wakazikana kwa heshima zote.

Jumamosi hiyo kibao kilikuwa mlangoni kwa Deeqa.

Deeqa alikuwa Msomali, mama wa watoto wawili. Kazi yake ilikuwa kutunza watu katika nyumba ya wazee. Wiki nzima alikuwa amewainua, amewaogesha, amewavisha soksi. Mgongo ulimuuma. Lakini kuliko mgongo, alichoshwa na maswali.

"Deeqa, mkifunga hamnywi hata maji?"

"Hata maji."

"Hata maji kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na hicho kitambaa cha kichwani, mumeo ndiye anakulazimisha?"

"Mume wangu hawezi kunilazimisha hata kununua kitunguu."

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Kazini, dukani, kwenye kituo cha basi. Alikuwa akiijibia dini nzima peke yake, kwa mshahara wa kuvisha watu soksi.

Basi alijaza ndoo mbili, moja ya kuoshea na moja ya kusuuzia, akaanza kuosha ngazi kutoka juu. Alipofika ghorofa ya pili, mlango wa mzee Oddvar ukafunguka. Oddvar alikuwa mjane, fundi wa reli aliyestaafu. Aliishi na mbwa mkubwa wa kijivu aitwaye Fenrik. Mbwa huyo alikuwa wa marehemu mke wake, Borghild, na mzee hakuwa na mwingine wa kuongea naye.

Fenrik alitoka mbio. Akamlamba Deeqa mkono, kuanzia vidole hadi kiwiko, kama mfupa wa supu.

"Yallah!" Deeqa akaruka.

Tangu utoto alifundishwa kwamba mate ya mbwa huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini udongo autoe wapi? Nje palikuwa na theluji mpaka magotini. Baridi ilikuwa ya kutisha: mtu akipiga chafya, chafya inaanguka chini kama kokoto. Macho yake yakatua kwenye chungu cha maua kando ya mlango wa Oddvar. Akachota konzi ya udongo, akajisugua. Kisha akajimiminia maji safi ya ndoo ya kusuuzia, tena na tena, mpaka zikatimia saba.

Alipoinua kichwa, Oddvar alikuwa amesimama pale pale.

"Unafanya nini na maua ya Borghild?"

"Najisafisha. Mbwa amenilamba."

"Fenrik anaogeshwa kwa shampuu kila Ijumaa. Ni msafi kuliko mimi."

"Naamini. Lakini sivyo unavyo..." Deeqa akashika kiuno. Maneno yalikuwa mengi, na mgongo ni mmoja. "Ni dini tu," akasema.

"Aa. Dini."

Mzee akafunga mlango taratibu. Mnorwe akikufungia mlango kwa kishindo, bado mna urafiki. Akiufunga taratibu, yamekwisha.

Tangu siku hiyo, kibao hakikufika tena kwa Deeqa. Oddvar, aliyemtangulia kwenye zamu, aliuruka mlango wake na kukitundika kwa jirani wa mbele. Mume wa Deeqa, Guuleed, dereva wa basi, alifurahi sana.

"Mama Idil, shukuru! Umesamehewa ngazi."

"Sijasamehewa," Deeqa akasema. "Nimefutwa."

Wiki chache zikapita. Alasiri moja, akirudi kutoka kazini, Deeqa alimkuta Oddvar amelala kwenye barafu karibu na mapipa ya taka. Mguu wake ulikuwa umegeuka upande usiofaa. Deeqa alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Akamfunika kwa koti lake, akamshika mkono.

"Nyonga imevunjika, Oddvar. Tulia. Usijisogeze."

"Fenrik," mzee akasema. "Yuko ndani peke yake."

"Una ndugu?"

"Mpwa wangu, yuko Tromsø, mbali kaskazini. Alishasema: siku mimi nikilazwa hospitali, mbwa naye atalazwa. Yeye kwa sindano, moja kwa moja." Meno yalimgongana. "Akipata habari tu, Ijumaa atakuja kumchukua."

Akatoa ufunguo mfukoni, kisha akasita.

"Gonga kwa wengine. Ninyi dini yenu inawafundisha kumchukia mbwa. Na mwenye mbwa pia."

Deeqa akapokea ufunguo. Gari likafika, likambeba mzee.

Aligonga kila mlango. Ghorofa ya tatu kulikuwa na mtoto mwenye mzio wa manyoya. Wanafunzi wa chini walikuwa wamesafiri. Wengine walisikitika sana, wakafunga milango taratibu. Ufunguo ukabaki kiganjani kwa Deeqa. Nyuma ya mlango wa Oddvar, Fenrik alilia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Alipomweleza mumewe, Guuleed alishika kichwa.

"Mbwa humu ndani? Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa!"

"Sijasema humu ndani."

"Na kumgusa ni dhambi!"

"Nani kasema?"

"Kila mtu!"

Deeqa alichoka kubishana. Akavuka ua kwenda kwa Lalla Touria, yaani Bibi Touria, mwanamke wa Moroko aliyefundisha darasa la dini la wanawake msikitini. Guuleed akamfuata nyuma, akinung'unika.

Lalla Touria aliwasikiliza huku akimimina chai ya nanaa.

"Kumgusa mbwa ni dhambi, ni nani aliyewaambia?"

"Kila mtu," Guuleed akasema.

"Huyo Kila Mtu namjua. Hajawahi kuhudhuria darasa langu hata mara moja."

Deeqa akacheka kidogo. Lalla Touria akaendelea.

"Sikilizeni. Ninyi mnamfuata Imamu Shafi. Kwenu mbwa ni najisi, mkigusana kwa majimaji mnaosha mara saba. Lakini mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hakuna cha kuosha. Na kuosha si adhabu. Hukufanya kosa lolote. Umepata najisi, umejitoharisha, basi."

"Na ninyi kwenu?"

"Sisi tunamfuata Imamu Malik. Kwetu mate ya mbwa si najisi."

Guuleed akatoa macho. "Si najisi?"

"Funga mdomo, baba, chai inapoa. Shafi alikuwa mwanafunzi wa Malik. Walihitilafiana, wakaheshimiana. Sasa wewe unataka kugombana na mkeo?"

Guuleed akanywa chai.

"Lakini Lalla," Deeqa akasema, "huyu mzee si wa dini yetu. Na ametudharau."

"Amewapiga vita kwa ajili ya dini yenu? Amewatoa nyumbani kwenu?"

"Hapana. Ametunyima kibao tu."

"Basi Mungu hakutukataza kumtendea wema na uadilifu. Ametuambia hivyo waziwazi. Na jirani ana haki yake, awe wa dini gani. Sahaba mmoja alichinja kondoo, swali lake la kwanza likawa: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Na Mtume alitusimulia mtu aliyemkuta mbwa anakufa kwa kiu. Alishuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha. Mungu akamsamehe dhambi zake."

"Kwa ajili ya mbwa?" Guuleed akauliza.

"Kwa ajili ya mbwa. Na malaika wasikutie wasiwasi. Mbwa abaki kwa mwenyewe. Deeqa, vaa glavu, tenga nguo za kazi hiyo, ukilambwa osha. Wewe shika dini yako sawasawa. Ila gharama yake asilipe jirani."

Jioni hiyo hiyo Deeqa alimpigia simu mpwa wa Oddvar, kwa namba aliyoikuta ukutani kwa mzee. "Usije Ijumaa," akamwambia. "Mbwa ana mtu."

Kazi ikaongezeka. Asubuhi kabla ya zamu, na alasiri baada ya zamu, Deeqa alimtembeza Fenrik kwenye theluji. Au Fenrik alimtembeza Deeqa, maana aliwahi kumvuta mpaka karibu na mji wa pili, viatu vikiteleza kama watoto kwenye mtelezo. Guuleed alianza kwa kusimama mbali. Wiki ya pili alikuwa akibeba mfuko wa chakula. Wiki ya tatu Deeqa alimsikia akimwambia mbwa, "Kula polepole, bwana, hakuna anayekunyang'anya."

Oddvar alirudi kwa magongo. Fenrik alikuwa amenenepa. Mzee alimkumbatia, akalia bila kujificha. Kisha akamtazama Deeqa.

"Ile siku. Ule udongo. Ulikuwa unanitukana?"

"Hapana. Ninyi mkiingia ndani mnavua viatu mlangoni. Mnavichukia viatu?"

Oddvar akafikiri. "Hatuvichukii."

"Nasi hivyo hivyo. Naingia kwenye sala, naacha vya nje nje. Simchukii Fenrik."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nimechoka, Oddvar."

"Nami sikuuliza." Mzee akakohoa. "Lakini lazima nikwambie. Udongo ule ulikuwa na kinyesi cha kuku. Ni mbolea ya Borghild."

Deeqa akautazama mkono wake. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Majira yote ya baridi hakuwa amecheka hivyo.

Jumamosi iliyofuata, kibao kilikuwa mlangoni kwake. Chini yake palikuwa na kopo la udongo mkavu usio na mbolea, laini kwa kuchekechwa. Deeqa akaguna, akashika kiuno, akajaza ndoo.

Mfungo wa Ramadhani ulimkuta tena kwenye ngazi hizo, na mgongo ule ule. Jirani wa ghorofa ya tatu akashuka, akasimama.

"Deeqa, eti hamnywi hata maji?"

Deeqa akafumbua mdomo kwa uchovu. Kabla hajasema neno, mlango wa ghorofa ya pili ukafunguliwa kwa kishindo.

"Hata maji!" Oddvar akapaza sauti. "Hata kidogo! Na hakuna anayemlazimisha. Ukiwa na swali jingine njoo kwangu, nina kahawa. Mwache mama wa watu apumzike."

Deeqa akaketi kwenye ngazi, kitambaa cha kufutia mkononi, akapumzika.