Mwanzo wa Mwanaradi

“Sindano, uko wapi?”

“Ngazini, Mjomba.”

“Glavu ameshaingia. Fanya hima!”

Sauti ya mkuu wake ikakatika kwenye hereni yenye redio. Jasusi Sindano akachomoa bastola yake ya Glock, akapanda mbili mbili ngazi za sinema iliyofungwa.

Bandarini, meli ya Glavu, mlanguzi wa silaha, ilikuwa imesheheni bunduki chini ya magunia ya saruji. Hati zake zilikuwa safi. Mwenyewe aliapa hajawahi kukanyaga nchi hii. Bila ushahidi, meli ingeondoka jioni.

Ushahidi ulikuwa mmoja: filamu fupi ya kutangaza kitabu cha katuni cha shujaa Mwanaradi. Ilionyeshwa mara moja tu, miaka ishirini nyuma, ikapotea. Asubuhi hiyo fundi mzee wa sinema, Babu Mashine, alipiga simu: “Ninayo mimi. Mwanzoni kabisa, nyuma ya Mwanaradi, mtu wenu anapakua masanduku ya bunduki.”

Glavu alikuwa akiisikiliza simu hiyo kwa siri.

Sindano akaupiga mlango teke.

Babu alikuwa amekaa chini, mdomo unavuja damu. Glavu ameshika mkasi. Utepe mrefu alioukata kwenye reli, gurudumu la filamu, ulikuwa unawaka ndooni.

“Umechelewa, binti. Mwanzo umekuwa majivu.”

Akamnyanyua mzee, akamsukumia ngazini.

Sindano akatupa bastola, akamdaka Babu.

Glavu akaruka dirishani. Nje, Land Cruiser ikanguruma.

Sindano akamkalisha mzee taratibu kwanza. Kisha akatumbukiza mkono motoni.

Akatoka na kipande kimoja. Akakiinua kwenye taa.

Pichani, kijana anavua kinyago cha Mwanaradi, anatabasamu. Hakuna Glavu. Hakuna masanduku.

“Babu, huu si mwanzo.”

“Ndiyo, mjukuu wangu. Huo ni mwisho.” Mzee akajifuta damu. “Mimi filamu siirudishi nyuma mpaka siku ya kuonyeshwa tena. Na siku hiyo haikufika. Mwisho uko nje, mwanzo umelala ndani.”

“Na ukanyamaza?”

“Aliulizia mkasi. Nikampa ule mkali.”

Sindano akafungua reli hadi kiini. Akapiga picha kwa simu. Akatuma.

Akagusa hereni.

“Mjomba?”

“Ndiye! Sura ile ile! Meli haitoki.”

Wakangoja. Hereni ikakohoa tena.

“Tumemkamata mguu mmoja ukiwa melini. Anauliza picha tumeitoa wapi.”

“Mwambie, mwanzoni.”

Babu hakucheka. Alikuwa anaitazama ndoo.

“Kwingine kote amefunikwa uso,” akasema. “Hapo mwishoni tu ndipo alipovua kinyago.”

“Nani, Babu?”

“Mwanangu, aliyeigiza Mwanaradi. Bunduki kama hizo ndizo zilizomuua. Picha nyingine sina.”

Sindano akakiweka kile kipande kiganjani mwa mzee, akamkunja vidole kimoja kimoja.

Hapo Babu akauona mkono wa Sindano umevimba malengelenge. Akalowesha leso kwa maji ya chupa, akaufunga, kisha akaupuliza, kama anavyopulizwa mtoto aliyeanguka.

“Pole, mama.”

“Nimeshapoa.”

Sindano akaokota Glock yake, akashuka ngazi polepole, asipige kelele.

Nyuma yake, taa ya mashine ya filamu ikawashwa, ikakimulika kile kipande.

Sindano hakugeuka.